Roadster ya 1.5 au RF ya 2.0 kwa barabara za Dar

Mkuu, umeuliza uagize ipi kati ya Mazda Roadster (MX-5), ile gari ndogo ya viti viwili inayofunguka juu, ya lita 1.5 yenye dari la turubai, na RF ya lita 2.0 yenye dari gumu, na kama hapa Dar inakalika. Mimi natumia ya 1.5, gia za mkono. Shemeji yangu ana RF na huwa tunabadilishana funguo. Chukua 1.5.

Najua kwenye makaratasi inaonekana nyonge: farasi 131, wakati RF za mwanzo zina 158 na za kuanzia 2018 zina 184. Lakini hii gari haijawahi kuwa ya farasi. Ile ya kwanza iliyozinduliwa Chicago mwaka 1989, yenye taa za kuchomoza, ilikuwa na injini ya 1.6 tu na watu wanaitafuta mpaka leo. Wajapani walichokomalia ni uzito. Hii ya kizazi cha sasa, inayoitwa ND, nyepesi yao kabisa ina kilo 990. Injini imesogezwa nyuma ya mstari wa tairi za mbele, uzito unagawanyika karibu nusu kwa nusu, na zinazosukuma ni tairi za nyuma. Ukigusa usukani pua inageuka saa hiyohiyo. Gia fupi, kifundo cha mkono tu kinatosha.

2.0 inavuta hata injini ikizunguka polepole, kupita lori Morogoro Road hakuna kubembeleza. Ila 1.5 inapanda hadi mizunguko 7,500 kwa dakika kwa mlio mtamu, na unalazimika kucheza na gia ndipo uupate. Kwa mji wenye tochi kila kona, gari inayokupa raha kabla hujafika mwendo wa faini ndiyo yenyewe.

Dari nalo. La RF ni gumu, linajikunja kwa mota sekunde 13, lakini nguzo za nyuma zinabaki na upepo unavuma masikioni ukikimbia. Turubai unafungua kibana kimoja, unalisukuma nyuma kwa mkono ukiwa umekaa, na taa za makutano ya Morocco bado nyekundu. Hapa nampa shemeji haki yake: ukipaki Kariakoo, turubai kibaka analichana kwa wembe. Na saa saba mchana usilifungue, utaiva. Gari hii ni ya jioni, Toure Drive ukatokee Daraja la Tanzanite.

Sasa shida zenyewe. Iko chini sana. Matuta ya mitaani unayaingia kimshazari, tairi moja moja, bodaboda nyuma yako anapiga honi, mwache apige. Masika maji yakijaa Jangwani, rudi nyumbani. Mgandamizo wa injini ni mkubwa, 13 kwa 1, kwa hiyo mafuta mabovu ya madumu hapana. Injini ni ya ukoo wa Skyactiv, injini za kisasa za Mazda, kama Demio na Axela za karibuni, fundi aliyezizoea hatababaika. Bampa, taa na vioo ndivyo utakavyoagiza na kusubiri.

Kitu ambacho wengi hawakiangalii ni mifereji ya maji ya turubai, iko nyuma ya viti, kulia na kushoto. Majani ya mwarobaini yakiziba pale, maji yanaingia ndani, zulia linanuka, kutu inaanza chini ya milango. Kwa chumvi ya bahari yetu haichukui muda. Vuta majani kwa mkono, mwagia maji kidogo, uyaone yakitoka chini ya gari.

Kabla hujalipa, piga hesabu za TRA (mamlaka ya mapato) kwanza, maana gari iliyozidi miaka 8 ina ushuru wa ziada wa umri. Mwambie muuzaji akutumie picha za chini ya gari, hasa kwenye bodi nyuma ya milango. Namba ya chesisi ianze na ND5RC. Ukiona NDERC, hiyo ni RF.