Unaanza kuandika programu za Windows? Kwanza jua programu yako imesimama wapi

Mie nafanya kazi ya kompyuta hapa Langoni, Lamu. Mchana natengeneza laptopu za watu, usiku naandika vijiprogramu vya Windows, vya maduka mengi, na kimoja cha mzee wa mashua aliyetaka kujua nani kalipa na nani bado. Afu kuna vijana huja kukaa nami wajifunze C#, lugha ya kuandikia programu, na nimeona kila anayeanza hukwama palepale alipokwama mwenzake, kwa hivo nimeona bora niandike mara moja mwenye kusoma asome.

Jambo lenyewe ni hili. Erori nyingi za mwanzo wala hazitokani na hesabu yako kuwa mbovu. Kodi waweza kuiandika vizuri tu, ila programu imesimama mahali ambapo wewe hukudhania: folda nyengine, thredi nyengine (thredi ni mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu), au mashine nyengine. Wewe unahangaika kubadilisha mistari wakati kosa haliko kwenye mistari.

Nianze na folda, manake hii ndo inayowaliza watu. Kuna kijana mmoja alikuja ameshika laptopu mkononi, uso umemshuka, anasema kaka hii kompyuta inakula data. Ametengeneza programu ya kuandika wateja wa duka la babake, databesi ya SQLite, ile inayokaa ndani ya faili moja, kila kitu kinafanya kazi, anaandika majina jioni anayaona kwenye jedwali, asubuhi akiifungua tena ndani ya Visual Studio, pale anapoandikia kodi, hakuna kitu. Kabadilisha ile INSERT yake, amri ya kutia data kwenye databesi, mara sijui ngapi. Nikamwambia kaa hapa, usiguse kodi. Tukaandika majina mawili, tukafunga programu, tukafungua folda ya projekti, faili la databesi liko pale na ukubwa wake ni uleule wa juzi. Tukaingia bin, tukaingia Debug, tukateremka mpaka ndani kabisa, loo, kumbe kuna faili jengine la jina lilelile, na majina yetu mawili yamo humo.

Hapo ndo penyewe. Ukibonyeza F5, kitufe cha kuendesha programu, Visual Studio hutengeneza programu ndani ya bin\Debug na programu husimama huko, si pale unapoandika kodi. Na lile faili la databesi ulilolitia kwenye projekti lina sifa inaitwa Copy to Output Directory, ikiwa umeiweka Copy always basi kila ukijenga programu upya linachukuliwa faili tupu la projekti linawekwa juu ya lile lenye data. Majina yalikuwa yakiingia vizuri siku zote, ni yeye mwenyewe aliyekuwa akiyafuta kila asubuhi kwa kubonyeza F5. Ukiweka Copy if newer utapona kwa muda, lakini dawa hasa ni data ya mteja isikae kando ya programu kabisa. Iweke kwenye AppData, folda ambayo Windows humpa kila mtumiaji kwa data za programu, ipate njia yake kwa Environment.GetFolderPath na LocalApplicationData, tengeneza folda ya programu yako humo. Na faida ya pili utaiona siku utakapoiweka programu ndani ya Program Files, manake mle mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika, utaletewa erori na utaanza kulaumu Windows bure.

Usiandike pia jina la faili tupu kama "wateja.db" ukategemea Windows itajua unamaanisha folda ipi. Programu ikifunguliwa kwa shotikati yenye Start in ya kwengine, itatafuta huko kwengine, na ikikosa SQLite kwa kawaida inakutengenezea faili jipya lililo tupu bila kulalamika. Ukiwa na shaka andika mstari mmoja uoneshe njia nzima ya faili kwenye skrini kabla ya kufanya lolote.

Sasa thredi. Dirisha la Windows lina thredi moja inayolihudumia, kazi yake kupokea ujumbe mmojammoja: kabonyeza batani, kaandika herufi, dirisha lichorwe upya. Ifikirie kama nahodha wa mashua ya kuvukia Mokowe, ng'ambo ya bara, yeye ndo mwenye usukani, sasa akiuacha akaingia chini kuhesabu magunia ya simiti mashua haina mtu. Ndivyo ufanyavyo ukitia kazi ya dakika nzima ndani ya button1_Click, kile kipande cha kodi kinachoitwa batani ikibonyezwa. Kama dirisha halijachukua ujumbe kwa sekunde 5 hivi Windows yenyewe inalihesabu limekwama, linafifia rangi, pale juu linaandikwa Not Responding, na mteja analizima.

Na hapa kuna kitu kinawachanganya sana wanaoanza. Unaandika label1.Text = "Subiri kidogo", mstari unaofuata unaanza kazi ndefu, na yale maneno hayaonekani mpaka kazi iishe. Unasema lebo imeharibika. Haijaharibika, ila maneno umeyabadilisha kwenye kumbukumbu tu, kuchora ni ujumbe unaongoja foleni, na mwenye kuutoa kwenye foleni ndo huyo umemshughulisha. Thread.Sleep nayo ni vilevile, usiitie kwenye thredi ya dirisha hata siku moja, tumia Timer au await Task.Delay.

Njia nzuri ni async na await, maneno ya C# ya kungoja kazi bila kulisimamisha dirisha, ipo tangu C# 5 ya mwaka 2012 kwa hivo usidanganywe na masomo ya zamani yanayokufundisha Application.DoEvents, ya kulifanya dirisha lichukue ujumbe katikati ya kazi, hiyo DoEvents inamruhusu mteja abonyeze batani ya Lipa mara ya pili wakati ya kwanza haijaisha, na malipo yanaingia mara mbili. Fanya hivi: zima batani, kisha await Task.Run na ile kazi nzito ndani yake, ikirudi andika jibu kwenye lebo, washa batani. Ndani ya Task.Run usiguse lebo wala jedwali wala kitu chochote cha dirisha, manake pale umeshatoka kwenye thredi ya dirisha, na ukigusa ndo ile erori ya "Cross-thread operation not valid". Wengine wakiiona wanatafuta namna ya kuizima, na kweli kuna mstari wa kuizima, tafadhali usiutumie, utakuwa umeziba mdomo wa anayekuonya na programu itakuja kuharibika siku usiyoijua. Kitu kikilazimika kuoneshwa katikati ya kazi, tumia Invoke au Progress, hizo hupeleka habari kwenye thredi ya dirisha. Na usiite .Result wala .Wait() kwenye thredi ya dirisha, hiyo thredi inangoja kazi iishe na kazi inangoja thredi iachiliwe, hapo watangojana mpaka stima ikatike.

Batani haifanyi kitu kabisa? Nenda kwenye Properties, bonyeza ile alama ya radi, tazama kama Click ina jina mbele yake. Ukinakili kodi ya mtu ukaibandika, kile kipande kipo lakini hakuna aliyekiunganisha na batani. Na kinyume chake, ukifuta kipande cha Click kwa mkono, faili la Designer, lile Visual Studio inalokuandikia la kupanga fomu, yaani dirisha lako, bado linakitaja na fomu inakataa kufunguka. Fuata erori mpaka kwenye ule mstari wa += ndani ya Designer, ufute huo mmoja tu, kwengine usiguse.

Mashine nyengine. Hii niliilipia mimi mwenyewe. Duka moja la vifaa vya ujenzi kule Mokowe walitaka programu ya kuuzia, nikaimaliza, kwangu inakwenda kama maji, nikachukua ile faili ya exe nikaitia kwenye flashi nikapanda mashua. Kufika, nabonyeza, haifunguki. Nilikuwa nimetumia .NET ya kisasa (.NET ndo msingi ambao programu za C# husimama juu yake), na huko ile exe ni mlango tu, kodi yenyewe iko kwenye faili la dll linalokaa kando yake, mie dll nimeziacha Lamu. Basi nikarudi, nimetumia nauli mara mbili na adhuhuri imenipita. Siku ya pili nikabeba folda nzima. Sasa yaniambia lazima uinstoli .NET, manake Windows 10 huja na ile .NET Framework ya zamani tu, hizi mpya kama .NET 8 lazima uzilete wewe, na ya programu za madirisha inaitwa Desktop Runtime. Nikashusha kwa bando la simu yangu. Ikafunguka, nikasoma mali yao ya zamani iliyokuwa kwenye Access, databesi ya Microsoft Office, ikaja "The 'Microsoft.ACE.OLEDB.12.0' provider is not registered on the local machine".

Hiyo ya mwisho nimeiona kwa watu wengi, na wengi huinstoli vitu bila kujua wanatafuta nini. Mara nyingi ni biti. Programu yako inakwenda kwa biti 64, Office ya mteja ni ya biti 32, na kile kipande cha kusomea Access kimekuja cha biti 32 peke yake, basi hawaonani. Ukijenga programu yako kwa x86, yaani biti 32, wataonana, lakini ujue na ile Desktop Runtime itabidi iwe ya x86 vilevile. Siku hizi kabla sijafunga safari nauliza kwa simu: Windows gani, biti ngapi, Office ipi, au najenga ile iliyobeba .NET yake ndani, ni nzito lakini haimuombi mteja kitu. Na lazima niijaribu kwanza kwenye laptopu ambayo haijawahi kuona Visual Studio.

Tarehe pia ni mambo ya mashine. Laptopu nyingi huku zimewekwa Kiingereza cha Marekani, ukiandika 03/04/2024 ukimaanisha tarehe tatu Aprili, yenyewe inasoma Machi 4, na haitakupa erori hata moja mpaka siku ya 13 ya mwezi. Tumia DateTimePicker, na kwenye databesi hifadhi mwaka kwanza, mwezi, siku. Pesa weka kwenye namba ya aina ya decimal, si double.

Na try catch tupu, ile ya kukamata erori ukaimeza usiseme neno, nakuomba uiache. Najua inafanya programu ionekane imetulia mbele ya mteja, ila deni la mtu halikuingia na hakuna anayejua, na huyo mtu ataambiwa hajalipa. Andika erori yote kwenye faili, pamoja na ule mlolongo wa mistari chini yake, kisha shuka nao mpaka mstari wa kwanza wenye jina la faili lako wewe. Hapo weka brekipointi, alama ya kusimamisha programu, kwa F9, endesha kwa F5, ikisimama peleka kipanya juu ya kila kitu uone kipi ni null, yaani hakina kitu ndani. "Object reference not set" haina siri nyengine zaidi ya hiyo.

Ukinijia Langoni karibu, ila usinipigie picha nusu ya erori. Nioneshe yote, na uniambie ilitokea kwenye mashine ya nani, na faili la data liko folda gani, manake hayo ndo maswali yangu mawili ya mwanzo.