Maswali ya Wasomaji: Mazembe na Makombe Yake Matano

Barua kuhusu klabu ya TP Mazembe ya Lubumbashi zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, hivyo tumechagua tano. Waandishi wengi wanauliza jambo moja kwa maneno tofauti: je, makombe yake matano ya ubingwa wa klabu za Afrika yalipatikana kwa haki na kwa nguvu za uwanjani?

Ndugu Mhariri, babu yangu huitaja timu ya Englebert ya Kongo kuwa ndiyo iliyotisha Afrika nzima, lakini katika orodha za mabingwa mimi naona Mazembe tu. Je, hizi ni timu mbili? (Msomaji, Kigoma)

Mpe babu yako salamu zetu na umwambie kuwa kumbukumbu yake ni sahihi. Ni timu moja iliyobadili jina mara kadhaa. Ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenediktini katika mji uliokuwa ukiitwa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kwa ajili ya wanafunzi wao, na jina lake la kwanza lilikuwa Saint-Georges. Baadaye iliitwa Saint-Paul, na wamisionari walipoiacha ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi iliyoifadhili. Sifa ya Tout Puissant, yaani mwenye uwezo wote, ambayo ndiyo zile herufi mbili za TP, iliongezwa katika miaka ya 1960 baada ya timu kumaliza msimu wa ligi bila kupoteza mchezo hata mmoja. Jina la Mazembe lilikuja baadaye.

Mhariri, wazee wa soka hapa kwetu husema kwamba kombe la mwaka 1967 Mazembe walipewa mezani. Kuna ukweli gani? (Msomaji, Mombasa)

Ukweli upo, ingawa unahitaji kuelezwa wote. Fainali ya Klabu Bingwa Afrika ya mwaka huo iliikutanisha Englebert na Asante Kotoko ya Ghana. Mchezo wa kwanza mjini Kumasi uliisha kwa sare ya 1-1, na wa marudiano mjini Kinshasa ukaisha kwa sare ya 2-2, hivyo jumla ikawa 3-3. Iliamuliwa kwamba timu hizo zikutane tena katika nchi nyingine, lakini Kotoko hawakutokea, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba taarifa ya mchezo huo haikuifikia klabu kutoka kwa chama cha soka cha nchi yao. Englebert wakatangazwa mabingwa. Kikanuni kombe hilo ni lao bila ubishi wowote, ila shabiki wa Kotoko anayenung'unika hadi leo hatuwezi kumlaumu.

Hata hivyo, anayetaka kuipima timu ile asiishie hapo. Mwaka 1968 waliifunga Étoile Filante ya Togo mabao 5-0 katika mchezo wa kwanza wa fainali, na ingawa walifungwa 4-1 katika marudiano, walitwaa kombe kwa jumla ya mabao 6-4, wakawa klabu ya kwanza kutetea ubingwa wa Afrika. Jambo hilo halikurudiwa na klabu yoyote hadi Enyimba ya Nigeria ilipofanya hivyo mwaka 2004. Englebert walifika fainali tena mwaka 1969, wakafungwa na Ismaily ya Misri, na mwaka 1970, ambapo Kotoko hao hao walilipa deni kwa kuwafunga 2-1 mjini Kinshasa. Timu iliyocheza fainali nne mfululizo haikubebwa na meza. Kwa maoni ya safu hii, hoja ya ukubwa wake ijengwe juu ya kombe la 1968, na lile la 1967 liachiwe wanasheria.

Je, ni kweli kwamba Simba ndiyo iliyosababisha Mazembe kuondolewa mashindanoni mwaka 2011, kisha Mazembe wakamchukua Samatta kwa kisasi? (Shabiki, Dar es Salaam)

Sehemu ya kwanza ni kweli. Mazembe, wakiwa mabingwa watetezi, waliitoa Simba katika Ligi ya Mabingwa, ambalo ndilo jina la sasa la Klabu Bingwa Afrika, lakini Simba ikakata rufaa ikidai kwamba beki Janvier Besala Bokungu hakuwa na uhalali wa kuichezea klabu hiyo, kwa sababu ya utata wa uhamisho wake. Shirikisho la Soka Afrika likaiondoa Mazembe, na Simba ikapewa nafasi ya kucheza mchezo mmoja dhidi ya Wydad Casablanca, timu ambayo nayo ilikuwa imetolewa na Mazembe. Mchezo huo ulichezwa Misri, Simba ikafungwa 3-0, na Wydad wakaenda hadi fainali.

Kuhusu kisasi, hapana. Mbwana Samatta aliwavutia Mazembe kwa jinsi alivyowasumbua uwanjani akiwa mchezaji wa Simba, na klabu yenye fedha ikimwona mshambuliaji kijana wa namna hiyo humsajili. Mwaka 2015, akiwa na Mtanzania mwenzake Thomas Ulimwengu katika kikosi cha kocha Patrice Carteron, alifunga katika michezo yote miwili ya fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya USM Alger ya Algeria, ambayo Mazembe walishinda 2-1 ugenini na 2-0 nyumbani. Januari 2016 alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika anayecheza ndani ya bara, kisha akahamia Genk ya Ubelgiji.

Mimi naishi Abu Dhabi na nasikia kwamba Mazembe waliwahi kucheza fainali ya dunia katika mji huu. Naomba maelezo. (Msomaji, Abu Dhabi)

Ni kweli, na kwetu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote iliyowahi kufanya klabu hii. Mashindano yenyewe ni Kombe la Dunia la Klabu, na walikuwa wameyashiriki mjini humo mara ya kwanza mwaka 2009, baada ya kutwaa ubingwa wa Afrika kwa faida ya bao la ugenini dhidi ya Heartland ya Nigeria na kumaliza ukame wa miaka 41. Safari hiyo iliisha vibaya, kwani walifungwa na Pohang Steelers ya Korea Kusini na hata na Auckland City ya New Zealand.

Mwaka uliofuata waliichapa Espérance ya Tunisia mabao 5-0 mjini Lubumbashi, wakatetea ubingwa, wakarudi Abu Dhabi bila Trésor Mputu, nyota wao aliyekuwa amefungiwa na FIFA. Chini ya kocha Msenegali Lamine N'Diaye waliifunga Pachuca ya Meksiko 1-0, kisha katika nusu fainali wakaifunga Internacional ya Brazil, mabingwa wa Amerika Kusini, 2-0 kwa mabao ya Kabangu na Kaluyituka. Kabla ya hapo hakuna klabu nje ya Ulaya na Amerika Kusini iliyokuwa imefika fainali ya mashindano hayo. Watu wengi humkumbuka mlinda mlango Robert Kidiaba akishangilia kwa kurukaruka akiwa amekaa chini, lakini wakumbuke pia kwamba katika michezo hiyo miwili hakufungwa bao hata moja. Fainali ya Desemba 18 ilikuwa ngumu: Inter Milan walipata mabao mawili ndani ya dakika 20 za mwanzo, la Pandev na la Eto'o, na mchezo ukaisha 3-0.

Mbona siku hizi wamenyamaza? (Msomaji, Bujumbura)

Klabu hii imetegemea sana mfuko wa mtu mmoja, mfanyabiashara na mwanasiasa Moïse Katumbi, ambaye amekuwa rais wake tangu mwaka 1997, na ambaye chini ya uongozi wake ulijengwa uwanja wa klabu katika mtaa wa Kamalondo. Katumbi aliondoka nchini mwaka 2016 kutokana na misukosuko ya kisiasa na hakurejea hadi Mei 2019. Timu ilitwaa Kombe la Shirikisho, mashindano ya klabu za Afrika yaliyo chini ya Ligi ya Mabingwa, mwaka 2016 na 2017, na tangu hapo kikosi cha wanaume hakijapata kombe la Afrika. Hatudai kwamba siasa ndiyo sababu pekee, kwa maana klabu za Misri na Morocco nazo zimeongeza nguvu na fedha, lakini ni vigumu kuamini kwamba misukosuko ya Katumbi na ukame huo wa makombe vilikutana kwa bahati tu.

Neno kunyamaza, hata hivyo, haliwahusu wanawake wa klabu hiyo. Mwaka 2024, nchini Morocco, waliifunga AS FAR ya nchi hiyo 1-0 katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake.