Usifunge sehemu ya maoni: nililipia ushauri huo, na vifaranga wa msomaji wangu wakafa

Usifunge sehemu ya maoni. Umeuliza mambo manne, mdogo wangu: kwa nini watu huandika blogu, kama ununue jina lako la tovuti au uanzie kwenye la bure, mapato huanza kuingia baada ya muda gani, na mwishoni kabisa, kama jambo dogo la kupitia tu, ukasema kuna mtaalamu aliyekushauri ufunge maoni katika blogu yako ya kilimo cha mboga kwa sababu kujibu watu ni kupoteza muda wa kuandika. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Ushauri huo huo, karibu kwa maneno hayo hayo, niliulipia kwa fedha zangu mwenyewe, na aliyeumia zaidi si mimi.

Mimi ni mfugaji wa kuku chotara katika kijiji kimoja cha Mvomero, mkoani Morogoro. Nilianza kuandika kwa sababu majirani walikuwa wakinijia kila jioni na maswali yale yale: vifaranga wapewe joto kwa siku ngapi, chanjo ya kwanza ni lini, kinyesi cha kijani maana yake nini. Nikaona heri niandike mara moja, anayetaka asome. Katika mwaka wa kwanza nilikuwa na wasomaji wapatao 90 kwa siku, na wengi wao niliwafahamu kwa namna walivyouliza, kama vile mwenye duka anavyomfahamu mteja wake kwa mlio wa ndala zake kabla hajainua macho.

Kisha nikampata huyo mtaalamu. Alijitambulisha kuwa mshauri wa masuala ya mitandao, akanitoza shilingi 350,000, akakaa nami saa tatu. Alisema wasomaji ni namba na namba ndizo zinazoleta matangazo. Alisema kila dakika ninayomjibu mtu mmoja ni dakika niliyowanyima maelfu. Alisema maoni huufanya ukurasa uonekane kama kijiwe. Wakati huo maoni yalikuwa yakinifikia kwanza ili niyapitishe, nayo yalikuwa 41 yakisubiri. Akaniambia niyaache hapo hapo na nifunge mlango. Nikafunga. Nikaandika makala tatu kwa wiki badala ya moja, kwa vichwa vya habari alivyonifundisha kuvitunga, na baada ya miezi minne wageni wakafika 1,400 kwa siku. Nilifurahi sana. Nasema hivi ili ujue kwamba ushauri huo huonekana kuwa na matokeo, na hapo ndipo ulipo ubaya wake.

Miongoni mwa maoni yale 41 yaliyofungiwa, baadhi yalihusu makala yangu juu ya chanjo ya Newcastle, ugonjwa ambao wengine huuita kideri na wengine mdondo. Nilieleza vizuri, kwa jinsi nilivyojua, chanjo ya kuwekwa katika maji ya kunywa: siku ya 7 na kurudia siku ya 21, kichupa kisafirishwe kikiwa kwenye barafu, vifaranga wanyimwe maji kwa saa moja au mbili ili wawe na kiu, na maji yenye chanjo yaishe ndani ya saa mbili. Kuhusu maji yenyewe niliandika maneno mawili tu: maji safi. Mimi nachota kisimani. Kwangu maji safi ni yale yasiyo na tope, na kwa miaka yote chanjo yangu ilifanya kazi bila tatizo, kwa hiyo haikunipitia akilini kwamba yako maji safi kuliko yangu ambayo yanaweza kuiua.

Chanjo hiyo ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Maji ya bomba ya mjini hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na klorini haichagui. Hukiua kirusi cha chanjo kama inavyokiua kijidudu cha ugonjwa. Mfugaji wa Dar es Salaam anayefuata makala yangu neno kwa neno, anayenunua chanjo halisi, anayeitunza kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 na kuitia katika ndoo ya maji safi kabisa ya bomba, anaweza kuwanywesha vifaranga wake maji matupu na kwenda kulala akiamini amewakinga.

Mama mmoja alifanya hivyo hivyo. Alikuwa na vifaranga 300 aliowanunua kwa fedha za mchezo wa kupeana, zamu yake ilipofika. Alichanja siku ya 7, akachanja siku ya 21, na katika wiki ya sita kideri kikaingia bandani. Wewe hujawahi kukiona kideri kikiwa katika banda la kuku wasio na kinga, na naomba usikione: asubuhi wanahara kijani, jioni wengine wamepinda shingo, na kesho yake unaokota mizoga kwa beleshi. Walibaki 38.

Namba yangu ya simu aliipata kwa muuza vyakula vya mifugo aliyekuwa ananifahamu. Hakunipigia kunitukana; ningependa angenitukana. Aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Kaka, nilikuandikia swali mara mbili, ulilipata?"

Usiku ule nikafungua foleni ya maoni. Swali lake lilikuwepo. Lilikuwa limeandikwa siku ya tisa baada ya makala kutoka, siku nyingi kabla vifaranga wake hawajaanguliwa, na lilikuwa na sentensi moja: maji yetu ya bomba yananuka dawa, je, hayataiharibu chanjo? Chini yake palikuwa na watu wengine wanne walioniuliza jambo hilo hilo kwa maneno tofauti. Watu watano, bila kufahamiana, walikuwa wameligundua kosa ambalo mimi niliyeandika sikuweza kuligundua, kwa kuwa wao waliishi na bomba na mimi niliishi na kisima. Jibu ningelipata kwa kumpigia simu daktari wa mifugo wa wilaya: tumia maji ya kisima au ya mvua yaliyo safi, na ukikosa, tia kwanza katika maji ya bomba maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, gramu 2 hivi kwa kila lita, yaimeze klorini kabla hujaweka chanjo. Dakika kumi za kazi zilitosha. Dakika hizo hizo ndizo nilizoambiwa nisizipoteze.

Nina hasira na mshauri yule mpaka leo, na siombi radhi kwa hasira hiyo. Mtu ambaye hajawahi kuandika jambo ambalo mwingine atalitia mikononi na kulifanya hana haki ya kumfundisha mwandishi kwamba msomaji ni namba. Huenda hayo yanafaa kwa anayeuza picha za kuchekesha. Anayeandika juu ya chanjo, dozi ya dawa ya kunyunyizia nyanya, nafasi kati ya mche na mche, anamwekea mtu mwingine mkono wake shambani, na mwenye shamba lazima awe na mahali pa kusema kwamba mkono huo unakosea. Wewe utaandika juu ya viuatilifu, mdogo wangu. Utasema subiri siku kadhaa baada ya kunyunyiza ndipo uvune, na kutakuwa na msomaji mwenye kopo la kampuni nyingine, lenye nguvu tofauti na lako, atakayetaka kukuuliza. Ukimfungia mlango, hatakwenda kumuuliza mshauri wako. Atakisia, kisha atavuna apeleke sokoni.

Nilipofungua tena maoni, niliandika juu kabisa ya ile makala kwamba ilikuwa na kosa, ni lipi, na nani limemgharimu, bila kumtaja jina. Nilimpelekea yule mama vifaranga 100 kutoka kwangu na nikamchanjia mwenyewe, kila mmoja tone moja jichoni, kwa chanjo ya kideri iitwayo I-2, inayostahimili joto, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Hilo halikurudisha fedha zake zote. Nililotarajia baada ya hapo ni wasomaji kukimbia, na kweli wale 1,400 walipungua mpaka 500, kwa kuwa nilirudi kwenye makala moja kwa wiki. Ila waliobaki wakaanza kunifundisha. Mmoja alinionyesha kwamba niliandika Newcastle mwanzo hadi mwisho, ilhali kwao wanatafuta mdondo, hivyo hawakuwa wakiipata makala hata walipoihitaji. Mwingine alinieleza kwamba ndoo ya bati iliyoliwa na kutu nayo huharibu chanjo. Sikuyajua hayo yote baada ya miaka tisa ya kufuga.

Wala hili halikuanza na intaneti, na hapa ndipo swali lako la kwanza linapopata jibu, kwa sababu anayeuliza kwa nini watu huandika anapaswa kutazama kwanza waliowajibu. Magazeti yetu ya zamani ya Kiswahili, kama Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, yaliishi kwa barua na mashairi ya wasomaji. Mtu alitoa swali kwa beti, na toleo lililofuata mwingine wa mji wa mbali alimjibu kwa mizani na vina vile vile, wala hakuna aliyeona kwamba majibizano hayo yanamchafulia mhariri ukurasa. Blogu za Kiswahili zilipoibuka, Ndesanjo Macha akiwa miongoni mwa waanzilishi na blogu yake ya Jikomboe, kisha Issa Michuzi mwaka 2005, ziliirithi desturi hiyo hiyo. Wanaokumbuka miaka ile watakuambia kwamba walikuwa wakirudi kwa Michuzi mara tatu kwa siku ili kuona wadau wamesema nini chini ya picha waliyokwisha kuiona asubuhi. Watu huandika kwa sababu nyingi, wengine kwa jina, wengine kwa fedha, wengine ili wapange mawazo yao. Lakini niliowaona wakidumu ni wale waliokuwa na mtu wa kumjibu kesho yake.

Kuhusu tovuti ya bure au ya kulipia, anza na yoyote. Kabla ya hapo waulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kama blogu yako inahitaji leseni, kwa maana kanuni za mwaka 2018 zilidai shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka, na waandishi wengi wakanyamaza. Tangu hapo zimebadilishwa, hivyo pata maelezo ya sasa kutoka kwao na si kutoka kwangu.

Sheria ninayoifuata mimi ni hii, nami nakusihi uichukue kama ilivyo: usichapishe makala mpya kabla hujajibu kila swali lililoulizwa chini ya ile iliyotangulia. Usipojua jibu, sema kwamba hujui, na useme ni lini utarudi. Ukichelewa wiki mbili kwa sababu hiyo, chelewa. Matusi yafute, matangazo ya waganga yafute, ila swali lenye alama ya kuuliza usiliache lilale.

Yule mama sasa ana kuku 450, na kila ninapomaliza kuandika jambo linalohusu chanjo humpelekea yeye kwanza alisome. Juzi aliniuliza kama ni salama kuchanja ndui siku moja na kideri kwa vifaranga walioanza kukohoa. Makala ya wiki hii iko tayari tangu Jumatatu. Haitatoka mpaka daktari wa mifugo arudi kutoka kijiji cha pili anijibu, nami nimjibu mama.