Maswali ya Wasomaji: Kwenda Mbugani Peke Yako kwa Mara ya Kwanza

Barua nyingi za mwezi huu zina kilio kimoja: likizo ipo, hela ipo kiasi, wa kwenda naye hayupo. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

SWALI: Shikamooni wahariri. Nina miaka 29, naishi Dodoma. Marafiki zangu kila mwaka wanaahidi twende Serengeti na Ngorongoro, siku ikikaribia wanaghairi. Nimeamua kwenda mwenyewe. Kampuni niliyoiulizia imenitajia, kwa siku tatu, bei inayozidi mshahara wangu wa miezi miwili, wakati najua kiingilio cha Mtanzania ni hela ndogo. Naibiwa?

JIBU: Marahaba. Huibiwi, ila umetajiwa bei ya mtu anayekodi gari zima. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki kweli ni kidogo, hakifiki hata nauli yako ya basi ya kwenda Arusha. Kinachokula pesa ni gari: Landkruza yenye paa la kufunguka, dereva, posho yake na mafuta. Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 300 kwenda tu, na kipande kirefu ni vumbi na mawe. Mafuta ni yale yale, awemo abiria mmoja au wawemo sita. Ada ya kushuka kreta ya Ngorongoro nayo hutozwa kwa gari, si kwa kichwa.

Piga hesabu ya mfano. Tuseme gari na dereva kwa siku tatu ni shilingi 1,800,000. Ukiwa peke yako unazilipa zote. Mkiwa sita kila mmoja anatoa 300,000. Hakuna punguzo utakaloomba likafikia hapo. Kwa hiyo usianze kwa kuomba bei ipungue, anza kwa kutafuta watu wa kukaa nao garini. Kampuni nyingi za Arusha zina safari za kujiunga, ambapo wasafiri wasiojuana wanachangia gari kwa tarehe iliyopangwa. Ukiwa tayari kusogeza tarehe yako siku mbili tatu mbele au nyuma, utapata nafasi kwa urahisi zaidi kuliko anayeng'ang'ania Ijumaa moja.

Kabla ya kutuma hela, pata majibu haya kwa maandishi. Gari litabeba wangapi, na je, kila mmoja ana dirisha lake? Wengine wakijitoa dakika za mwisho, safari inaendelea kwa bei ile ile au utaambiwa uongeze? Hili la pili ndilo linalozaa ugomvi mwingi, kwa sababu bei ya kujiunga inasimama juu ya idadi ya watu. Chumba cha peke yako kina nyongeza kiasi gani, na ukikubali kuchangia hema utalala na nani? Mzunguko wa kutazama wanyama ni wa kutwa nzima au wa nusu siku? "Siku tatu" za karatasini mara nyingine ni siku moja na nusu mbugani, muda mwingine ni wa barabarani. Uliza pia bei ni ya raia au ya mgeni. Makarani wengi wamezoea kutaja bei za dola za mgeni kabla hawajajua wewe ni nani. Jitambulishe mapema, na ubebe kitambulisho chako cha NIDA chenyewe. Usitegemee picha yake iliyo kwenye simu.

Upande wa uaminifu, kampuni halali ina leseni ya biashara ya utalii, ile wenyewe wanayoiita TALA. Omba nakala yake ya mwaka huu. Lipa kwenye akaunti yenye jina la kampuni. Namba ya simu ya mtu binafsi ni dalili mbaya hata kama anajibu kwa upole. Ada za hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na risiti yake huonyesha tarehe na idadi ya watu. Iombe kabla hujapanda basi. Wapo waliofika getini wakakuta ada haijalipwa, wakaketi pale kwa saa mbili wakisubiri ofisi itume hela.

La mwisho: kibali cha Serengeti huhesabiwa saa 24 tangu unapoingia getini. Ukiingia saa nane mchana, saa yako inaanza hapo. Dereva anayekuharakisha kesho yake kabla ya saa nane hana chuki na wewe, anakimbia ada ya siku ya pili.

SWALI: Habari zenu. Niko Nairobi, bosi amenipa nichague likizo Aprili au Agosti. Nataka kuona nyumbu wakivuka mto, na nilifikiri kuanzia Mara niingie Serengeti moja kwa moja kwa sababu ziko pamoja. Inawezekana?

JIBU: Ziko pamoja kwa nyumbu, kwako wewe hapana. Mpaka kati ya Maasai Mara na Serengeti hauruhusiwi kuvukwa na watalii. Utazunguka hadi Isebania na Sirari, au Namanga ukipitia Arusha, na hapo siku nzima imekwisha. Kitambulisho cha taifa kinachokutosha kwenda Uganda au Rwanda hakikuvushi kuingia Tanzania. Beba pasipoti, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huhesabika kuanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa, na ukiwa nayo haihitaji kurudiwa. Kwa safari ya kwanza, chagua upande mmoja.

Kuhusu mwezi: nyumbu wako safarini mwaka mzima wakifuata mvua na majani. Januari hadi Machi wako kusini, nyanda za Ndutu, wanazaa. Kilele ni Februari. Mei na Juni wanaelekea magharibi na kaskazini kupitia mto Grumeti. Kuvuka mto Mara ni Julai hadi Oktoba, kisha mvua za vuli zinawarudisha kusini. Kwa hiyo chukua Agosti. Lakini usiende kwa usiku mmoja. Kundi linaweza kusimama ukingoni kutwa, likasogea, likageuka na kurudi malishoni bila hata mmoja kutia mguu majini. Usiku tatu ndio kiwango cha chini cha mtu anayetaka bahati imkute. Tiketi ya Mara huhesabiwa kwa mchana mmoja, saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili, kwa hiyo waulize kambini watakutoza siku ngapi. Ada ya mwezi huo iko juu kuliko ya Januari hadi Juni, vyumba vinajaa, na kiti cha kuchangia gari kiwekee nafasi miezi mitatu kabla.

Aprili si mwezi mbaya kwa kila kitu. Vyumba ni nafuu, majani ni ya kijani, magari ni machache. Tatizo ni ule udongo mweusi: ukilowa unakamata magurudumu kama lami ya moto, na kutwa yako unaimaliza mkisukuma. Kambi kadhaa hufungwa kabisa.

SWALI: Sina gari wala hela ya siku tatu. Naweza kuona wanyama kwa siku moja na kurudi nyumbani?

JIBU: Unaweza. Kwa Dar es Salaam na Morogoro, ni Mikumi: mabasi ya Iringa na Mbeya yanapita katikati ya hifadhi kwa karibu kilomita 50, na ukishuka mji wa Mikumi utapata gari la kukodi kwa mzunguko. Panga gari kwa simu siku moja kabla na ulale hapo, kwa sababu simba wa bonde la Mkata wanaonekana vizuri asubuhi, na basi la asubuhi kutoka Dar halikufikishi asubuhi. Kwa Nairobi, ni hifadhi ya jijini yenyewe, kilomita za mraba 117, ina simba na vifaru; tembo hana. Kwa Mombasa, treni inayosimama vituo vya njiani inakushusha Voi, jirani na geti la Tsavo Mashariki, kwa wale tembo wekundu wa vumbi.

Na kama gari ndilo tatizo kabisa, nenda Hell's Gate karibu na Naivasha, ambako unakodi baiskeli na kupita katikati ya pundamilia na twiga. Kwenye korongo la hifadhi hiyo usishuke kukiwa na mawingu, hata kama mvua inanyesha mbali: Septemba 2019 maji ya ghafla yaliua watu saba mle ndani.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwanamke, nakaa Mombasa. Safari niliyoipata ya bei nafuu ni ya kulala kwenye mahema, kambi za umma Seronera na ukingoni mwa Ngorongoro, ambazo nasikia hazina uzio. Mama yangu hataki hata kusikia. Nimwambie nini?

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Ni kweli hazina uzio, na fisi watapita. Mweleze mama kwamba mnyama hana desturi ya kuvamia hema lililofungwa zipu hadi chini. Matatizo huanza na mambo matatu. La kwanza ni chakula ndani ya hema: ndizi na machungwa huita tembo, karanga na biskuti huita nyani. Vyote vikae jikoni. Seronera majiko yamezungushiwa nondo kwa sababu hiyo hiyo. La pili ni viatu nje; fisi hubeba chochote cha ngozi, na utamaliza safari kwa kandambili. La tatu ni kutoka usiku. Kunywa maji yako mapema, nenda msalani na wenzako kabla ya kulala, na ukibanwa usiku wa manane mulika tochi pande zote kabla hujatoka. Ukiona macho yanang'aa, funga zipu na usubiri. Chupa ya mdomo mpana au kopo lenye kifuniko si aibu, wasafiri wazoefu wanalo.

Hema lako lisimikwe katikati, karibu na la mpishi na dereva. Pembeni kwenye kivuli kizuri pasikushawishi. Kama hutaki kulala na mgeni, omba hema la peke yako na liandikwe kwenye mkataba. Mwachie mama karatasi yenye namba ya gari, jina la kampuni, simu ya dereva na ya ofisi, na majina ya kambi kwa tarehe. Mwambie pia kwamba mtandao hukatika kwa nusu siku au zaidi, ili kimya chako kisimpandishe presha.

Kitu ambacho watu wa pwani hawakitarajii ni baridi. Ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni hadi Agosti joto hushuka chini ya nyuzi 10. Kagua begi la kulalia wanalokupa, na ubebe soksi nzito, kofia ya sufu na sweta la kweli.

SWALI: Nibebe nini, na nisibebe nini?

JIBU: Begi laini, lisilo na fremu, ukipanda ndege ndogo za mbugani kikomo cha kawaida ni kilo 15 pamoja na begi la mkononi. Nguo za rangi ya kaki, kijivu au kijani iliyofifia. Bluu iliyokolea na nyeusi huvutia mbung'o, ambao Tarangire wapo wa kutosha, na dawa za kupaka haziwazuii sana. Mikono mirefu ya kitambaa kizito inasaidia zaidi. Nguo za mabaka ya kijeshi acha nyumbani, raia haruhusiwi kuzivaa Tanzania wala Kenya. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi zote mbili, na hifadhi za Kenya tangu Juni 2020 hazikubali hata chupa za maji za kutupwa. Beba chupa yako ya kujaza.

Darubini ya 8x42 (inakuza mara nane, lenzi za mbele zina upana wa milimita 42) inafaa kuliko lenzi kubwa ya kukodi usiyoijua. Pawabenki, kitambaa cha kuziba vumbi puani, tochi ya kichwani. Kuhusu malaria, mkazi wa Nairobi au Arusha asijidanganye kwamba mwili wake umezoea. Daktari akikupa doksisaiklini, utaianza siku moja au mbili kabla na kuendelea wiki nne baada ya kurudi. Watu huiacha wakishafika nyumbani, na hapo ndipo homa inapowapata. Dawa hiyo pia hufanya ngozi iungue na jua haraka, kwa hiyo kofia ya ukingo mpana ni lazima.

SWALI: Nimeshapata gari la kuchangia, tutakuwa watano. Mimi napenda ndege, naogopa wenzangu watataka simba tu. Nifanyeje bila kuwa kero?

JIBU: Lizungumze jioni ya kwanza, dereva akiwepo. Mnachoweza kukubaliana bila ugomvi ni viti kuzunguka kila siku na kila mmoja kuwa na zamu ya kusema "simama". Simba, chui na duma hupatikana kirahisi zaidi alfajiri, basi wape wenzako asubuhi ile. Wewe omba saa za mchana, wakati simba wamelala na hakuna wa kukupinga: mabwawa ya viboko, kando ya ziwa, na mahali pa kulia chakula. Hapo pa kulia nako fumbua macho. Kwenye kreta, mwewe hushuka na kunyakua paja la kuku mkononi, kwa hiyo fungulia lanchi boksi yako ndani ya gari, paa likiwa limefungwa, kisha utoke na darubini.