Shangazi wa Mbuzi Anajibu: Harufu ya Beberu, Huntha na Safari ya Msibani

Mvua haijaacha kunyesha huku Mgeta, majani ninakata nikiwa nimejifunika mfuko wa mbolea. Barua zimejaa, nachukua sita.

Lushoto: Shikamoo shangazi. Mbuzi wangu wa kwanza wa maziwa analia tangu jana kama anachinjwa, anatikisa mkia, chakula anaonja tu. Jirani anasema amerogwa.

Marahaba mwanangu. Hajarogwa, anataka dume. Joto hilo la kutaka dume hudumu siku moja hadi mbili, na likikupita litarudi baada ya siku 21 hivi. Mpeleke kwa beberu leo hii, andika tarehe ukutani kwa mkaa, kisha hesabu siku 150 hadi kuzaa.

Njombe: Watoto wanagoma kunywa maziwa, wanasema yananuka beberu. Mume wangu anasema maziwa ya mbuzi ndivyo yalivyo. Ni kweli?

Si kweli, na nina wasiwasi mume wako hajawahi kukamua. Harufu ile ni ya beberu mwenyewe. Ana tezi kichwani, nyuma ya pembe, tena msimu wa kupanda majike hujikojolea ndevu na miguu ya mbele akijiona amejipulizia manukato. Akijisugua kwa majike, harufu inahamia kwenye manyoya yao, na kutoka hapo ni hatua moja kufika kwenye ndoo. Mjengee banda lake mbali, upepo utoke kwa majike uende kwake, usitoke kwake uje kwao. Ukiwa umemshika, nawa na ubadili nguo kabla ya kukamua.

Kisha angalia chombo. Ndoo ya plastiki yenye mikwaruzo haitakati hata uisugue vipi, tumia sufuria. Osha kiwele, kikaushe, chuja maziwa, na kama hamnywi saa ile ile yapoze haraka kwa kukalisha chombo kwenye maji baridi. Kabichi mpe baada ya kukamua, si kabla. Sisi tunaoishi katikati ya mashamba ya kabichi somo hilo tulilipata mapema. Kuchemsha ni lazima, lakini si kwa ajili ya harufu: ni kwa ajili ya brusela, ugonjwa unaompata mtu kwa maziwa mabichi.

Arusha: Nilichagua beberu asiye na pembe tangu kuzaliwa kwa sababu majike wangu nao hawana, na nina watoto wadogo nyumbani. Sasa nimepata mwanambuzi mwenye uke, lakini umetokeza kitu kama harage. Wazee wanasema ni nuksi.

Pole mwanangu, huyo ni huntha, yaani si jike kamili wala dume kamili, na nuksi haimo. Kwa mbuzi wa jamii za Ulaya, kama Saanen na Toggenburg, kasoro ya kutokuwa na pembe na kasoro ya uzazi zimefungwa pamoja kwenye damu. Mwanambuzi wa kike akirithi hali ya kutokuwa na pembe kwa baba na kwa mama, anazaliwa huntha. Hatashika mimba na maziwa usiyatarajie. Mlee umle.

Dawa ni kupandisha asiye na pembe kwa mwenye pembe. Hapo ndipo wengi wanapokosea: mbuzi aliyechomwa pembe utotoni bado ni mwenye pembe, hata kichwa chake kikiwa laini kama yai. Kwa hiyo unaponunua beberu usitazame kichwa tu, uliza alizaliwaje. Siku za kwanza utamtambua kwa manyoya: atakayeota pembe ana vipilipili viwili vya manyoya pale zitakapotokea. Na kwa ajili ya hao watoto wako wadogo, wachomee pembe wanambuzi wako mapema, kwa mtu anayeijua kazi hiyo.

Iringa: Mtoto wetu ana miezi minne. Nimwanzishie maziwa ya mbuzi?

Hapana. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake. Ya mbuzi yana asidi ya foliki kidogo mno kwa mtoto mchanga. Kama ya mama hayatoshi, nendeni kliniki, msije bandani kwangu.

Mbulu: Nawapa wote dawa ya minyoo kila mwezi, bado wanakonda, na mmoja amevimba chini ya taya.

Huyo wa taya mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, damu imemwishia. Kuna mnyoo wa tumboni unaonyonya damu, na dawa ya kila mwezi umewafundisha minyoo kuizoea. Acha kutibu kwa kalenda. Vuta kope la chini: ndani pakiwa pekundu mwache, pakiwa peupe kama karatasi mtibu. Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi 5 kwa kazi hiyo hiyo. Dozi ifuate uzito, usikisie. Mwenye mimba ya mwezi wa kwanza usimpe dawa ya minyoo ya albendazole.

Halafu nambie majani unakata wapi. Viluwiluwi vya minyoo hupanda kwenye majani mafupi yenye umande. Kata matete au majani ya guatemala marefu, umande ukishakauka, ukiacha shina la kimo cha kiganja. Yaweke kwenye kihori, yasiguse samadi.

Rombo: Shangazi, nina msiba kwetu, siku nne. Mume atabaki lakini hajui kukamua. Nifanyeje?

Pole kwa msiba mwanangu. Kiwele kisiachwe kijae siku nne, mbuzi atapata ugonjwa wa kiwele. Kama wanambuzi wake wapo, waache wanyonye mchana na usiku. Kama hawapo, mume anaanza kujifunza jioni hii. Abane chuchu juu kwa kidole gumba na cha shahada, kisha afunge vidole kimoja kimoja kushuka chini, asivute. Mbuzi atampiga teke mara mbili tatu, wewe usiingilie. Na avae kanga yako ile ya bandani, mbuzi anajua nguo kabla hajajua mtu.