Picha imepauka baada ya kuongeza amplifaya: tatizo liko wapi?

SWALI: Deki yangu ya Blu-ray ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja kwenye runinga, na picha ilikuwa safi. Nilipoweka amplifaya ya hom thieta katikati ili nipate sauti ya spika zote, sauti ilipendeza lakini picha ikapoa: weusi umekuwa kijivu na nyuso za watu ni kama zimepakwa vumbi. Fundi anasema waya wa HDMI ni hafifu, ninunue wa bei ya juu zaidi. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue waya kwanza. HDMI hubeba picha kwa tarakimu, na waya wake unapoharibika hujitambulisha kwa dalili nyingine kabisa: vidoti vinavyometameta kila mahali, picha inayokatika na kurudi, au kioo kubaki kitupu. Waya wa namna hiyo hauwezi kuufanya weusi uwe kijivu huku mambo mengine yote yakiwa yametulia. Ushauri wa fundi wako ulikuwa na maana zaidi katika enzi za mawimbi ya analojia, ambapo kila udhaifu wa waya ulionekana kwenye rangi.

Ninachokishuku kwanza ni kwamba vifaa vyako havikubaliani kuhusu weusi ni upi. Katika video ya filamu ya kawaida, ngazi za mwanga huandikwa kwa namba, ambapo weusi kamili ni 16 na weupe kamili ni 235, ilhali kompyuta hutumia 0 hadi 255. Ikiwa amplifaya inatuma picha kwa kipimo cha kwanza, nayo runinga ikadhani imepokea cha pili, ile 16 haitasomeka tena kama weusi bali kijivu kilichokolea, na weupe nao utaishia njiani kabla haujang'aa. Mambo yakigeuka, yaani kinachotumwa ni 0 hadi 255 na runinga inasubiri 16 hadi 235, giza humeza kila kitu, hata mtu aliyevaa koti jeusi usiku asitofautishwe koti lake na ukuta ulio nyuma yake.

Ili kuhakikisha, zima taa za chumbani na uweke filamu yenye mikanda myeusi juu na chini ya picha. Itazame mikanda hiyo kupitia amplifaya, kisha chomoa waya kwenye amplifaya na uuchomeke moja kwa moja kwenye tundu lilelile la runinga, na uitazame tena. Nasisitiza tundu lilelile kwa sababu runinga nyingi hutunza mipangilio ya picha kwa kila tundu peke yake. Huenda tundu la kwanza ulilirekebisha zamani na la pili bado liko kwenye hali ya kubana umeme, ambayo hufifisha mwanga, nawe ukailaumu amplifaya bure. Mikanda ikiwa ya kijivu kupitia amplifaya na myeusi bila hiyo, ingia kwenye menyu ya amplifaya na uzime kila kipengele cha kuchakata picha, ili iipitishe kama ilivyoipokea. Kisha katika deki chagua YCbCr badala ya RGB (hizi ni namna mbili za kuandika rangi za picha), kwa kuwa kwa YCbCr vifaa vya nyumbani hukubaliana karibu kila mara juu ya 16 hadi 235. Ukitaka kubaki na RGB, hakikisha deki na runinga vyote viwili vimewekwa "Limited" (yaani 16 hadi 235) au vyote viwili "Full" (0 hadi 255), wala usiviachie "Auto".

Ikiwa diski zako ni za 4K zenye HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya giza na mwanga, kuna mtuhumiwa wa pili. Picha ya HDR huandikwa kwa mkunjo wa mwanga na upana wa rangi ulio tofauti na wa kawaida, na huandamana na taarifa inayoiambia runinga jinsi ya kuisoma. Nafasi ya taarifa hiyo iliingizwa katika HDMI 2.0a mwaka 2015. Amplifaya ya kabla ya hapo yaweza kuidondosha njiani, na runinga ikaionyesha picha hiyo kana kwamba ni ya kawaida: imefifia, haina rangi. Hapo kubadili ngazi za weusi hakutasaidia. Peleka picha kutoka kwenye deki moja kwa moja hadi kwenye runinga, na sauti uirudishe kwenye amplifaya kwa tundu la ARC, yaani tundu la HDMI la runinga linaloweza kurudisha sauti, au kwa waya wa sauti unaotumia mwanga (optical). Deki nyingine zina matundu mawili ya HDMI, moja la picha na moja la sauti tu, na hilo ndilo suluhisho zuri kuliko yote.

Kuongeza au kupunguza mwangaza na utofauti kwa rimoti kuwe jambo la mwisho. Ukianza nalo utalificha kosa badala ya kuliondoa.

SWALI: Deki yangu ya zamani inatumia waya wa njano. Nimeugawa kwa plagi ya matawi mawili ili nione kwenye runinga ya sebuleni na ya chumbani. Mbona zote mbili ni hafifu?

JIBU: Kwa sababu umegawa umeme wa picha wenyewe. Tundu la njano hutoa mawimbi ya takriban volti 1 yakitarajia mzigo mmoja wa omu 75. Ukiunganisha runinga mbili, mzigo unakuwa omu 37.5, na mawimbi yanashuka hadi karibu theluthi mbili ya kiwango chake. Runinga nyingine hujitahidi kufidia, nyingine hazijui. Plagi ya matawi inafaa kwa sauti. Kwa picha, tafuta kigawanyaji chenye umeme wake, kinachoyakuza mawimbi kabla ya kuyagawa. Vilevile usiipitishe deki ya DVD ndani ya deki ya kanda za video, kwa kuwa kinga ya kunakili iliyomo kwenye diski nyingi za filamu huivuruga deki ya kanda, na picha ikawa inafifia na kung'aa kwa zamu.