Barua kwa mwanangu: kwa nini wafanyakazi wako wananyamaza kikaoni

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza mbona watu 18 wa kitengo chako cha kufungasha wanainamisha vichwa kila unapowaomba maoni, na ufanye nini ili washiriki na kazi iongezeke. Mara nyingi watu wa hivyo hawajakosa la kusema. Walisema zamani, hawakujibiwa, wakaacha. Basi anza na majibu, maoni yatafuata.

Watu 18 ni wengi mno kwa kikao kimoja: watatu watazungumza, wengine watasikiliza. Wagawe makundi ya watu sita sita kwa kufuata kazi wanayoifanya pamoja, na uanze na kundi moja tu kwa mwezi wa kwanza. Wakutane dakika 15 mwanzoni mwa zamu, wamesimama palepale penye mashine, ndani ya saa wanazolipwa. Wewe useme mwisho, maana bosi akishatoa wazo lake wengine huitikia tu.

Tundika ubao wenye safu nne: tatizo, mhusika, tarehe ya kumaliza, limefikia wapi. Jiwekee sharti kwamba kila kinachoandikwa kinajibiwa ndani ya siku mbili za kazi. "Haiwezekani, kwa sababu hii" ni jibu. "Tutaangalia" si jibu. Ndiyo maana masanduku ya maoni hufa: karatasi inaingia, na aliyeiandika hajui iliishia wapi.

Usiwaulize namna ya kuongeza uzalishaji. Uliza, "Jana ni kitu gani kilikukwamisha?" Tuseme mmoja anajibu kwamba utepe unabanduka kwenye maboksi. Usikimbilie kununua utepe mwingine. Kwa nini unabanduka? Boksi lina unyevu. Kwa nini? Limelala sakafuni ghalani. Kwa nini sakafuni? Paleti, zile fremu za mbao za kuwekea mizigo, zilichukuliwa na kitengo kingine. Kwa nini hazikurudi? Hakuna aliyepewa jukumu la kuzirudisha. Hapo ndipo pa kutibu, na dawa yenyewe ni jina la mtu na saa ya kurudisha. Wahesabu wenyewe maboksi yanayofungwa upya kila zamu, wiki moja kabla ya marekebisho na wiki moja baada yake. Bila hesabu hiyo mtabishana kwa hisia, na uongozi wa juu hautakuwa na cha kuona.

Wako watakaokuambia shida ni watu wenyewe, wavivu. Wakumbushe kiwanda cha magari cha General Motors cha Fremont, California, Marekani, kilichofungwa mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya ya utoro na migomo. Kilifunguliwa tena mwaka 1984 kwa ubia na Toyota, na wafanyakazi wengi walikuwa walewale. Walipangwa katika timu ndogo, kila mmoja akawa na ruhusa ya kuvuta kamba kuita msaada akiona kasoro, hata mstari wa uzalishaji usimame. Ubora ulipanda sana, na utoro ukashuka.

Ila jambo hili linaharibika upesi, na anayeliharibu kwa kawaida ni meneja. Timu ikiokoa dakika 30 kwa zamu, ukapandisha lengo kesho yake au ukapunguza mtu mmoja, umewafundisha kuficha wazo linalofuata. Pata ahadi ya wakubwa wako kabla hujaanza: hakuna atakayepoteza ajira kwa sababu ya wazo lililotoka kwenye ubao. Kama hawaiahidi, usianze kabisa.

Bonasi ya mtu mmoja mmoja nayo iache, itawafanya wanyimane mbinu. Ikipatikana, igawiwe timu nzima. Na unaporipoti kwa wakubwa, andika jina la aliyetoa wazo, usiandike lako.

Malalamiko ya mishahara yatakuja. Yapokee kwa heshima, uyapeleke panapohusika, na umwambie mhusika siku utakayomletea jibu.

Wiki ya kwanza ikiisha, niandikie yaliyoko ubaoni, hasa yale yaliyokushinda kuyajibu, tuyatazame pamoja.

Mama yako